Nimepata chuo Uingereza, baba anataka kuuza kihamba

Shikamoo Mwalimu.

Ninafanya kazi Moshi mjini, ila nyumbani ni Kibosho. Nina miaka 28. Nilisoma sayansi na teknolojia ya chakula pale Sokoine, Morogoro, nikatoka na GPA ya 4.0. Tangu nimalize nina miaka mitatu kwenye kampuni inayonunua kahawa. Niko maabara: napima unyevu, nachambua punje zenye kasoro, naonja vikombe kabla mzigo haujaenda mnadani. Kazi naipenda, na ndiyo iliyonitia hamu ya kusoma zaidi.

Mwishoni mwa mwaka jana niliomba chuo kimoja Uingereza, uzamili wa usalama wa chakula, kozi ya mwaka mmoja. Mwezi wa tano wakanijibu kwamba nimekubaliwa. Siku ile nyumbani ilikuwa sherehe. Baba alipiga simu kwa ndugu wote mpaka wa Tanga, na Jumapili nikatajwa kanisani. Sasa kila ninapopita naulizwa, "Unaondoka lini?"

Tatizo ni hela. Ada ni pauni 23,000, hapo sijala wala sijalala. Wanataka dipoziti ya pauni 3,000 kabla Julai haijaisha, la sivyo nafasi wanampa mwingine. Mshahara wangu ni laki tisa. Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15, kuna makato mengine, nikishalipa chumba na kutuma kidogo nyumbani sibaki na kitu cha maana. SACCOS nina milioni mbili na ushee.

Baba ameamua kuuza. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lililozunguka nyumba, upande wa chini kimepakana na barabara, kuna migomba na kahawa alizopanda babu. Amepatikana mtu kutoka mjini anayetoa milioni 60 kwa nusu ile. Baba anasema, "Kahawa ya hapa ndiyo ilinisomesha mimi mpaka ualimu. Wewe nitakusomesha kwa ardhi yenyewe." Mwalimu, nililia. Lakini mama hasemi kitu. Ukimuuliza anajibu, "Ongea na baba yako." Na mdogo wangu wa mwisho, ambaye kwa mila zetu ndiye atakayebaki na nyumba ya wazazi, alisema "sawa tu", na tangu siku hiyo hanipigii simu. Yuko VETA, anasomea umeme.

Baba mdogo anayeishi Arusha ana lake. Anasema tukope dipoziti, niende, nikifika nitafanya kazi na ada nitailipa kidogo kidogo kama wengine. Ndiye aliyenipeleka kwa wakala mmoja mjini Arusha. Wakala anataka milioni moja na nusu aniunganishe na ufadhili "wa uhakika". Na kama akaunti yangu haina hela za kuonyesha kwa ajili ya viza, anao watu wa kuniwekea kwa muda halafu wanazitoa.

Rafiki yangu niliyesoma naye yuko chuo cha Nelson Mandela, Tengeru. Ananiambia njoo huku, kuna maprofesa wenye miradi inayolipia wanafunzi. Nitakuambia ukweli: nikifikiria kuwarudia watu waliokwishashangilia Uingereza na kuwaambia kwamba naenda Tengeru, naona aibu. Watasema nimeshindwa.

Nimebakiza wiki tatu. Nilipe dipoziti? Nimwache baba auze? Na mtu wa kawaida kama mimi, asiyejuana na mtu yeyote, anapataje ufadhili?

Mwanao, Kibosho.

---

Marahaba, mwanangu. Hongera sana. Sifa ya kukubaliwa ni yako, na utabaki nayo hata kama Septemba hii hutapanda ndege.

Nianze na yale yenye tarehe. Usilipe dipoziti. Baba asitie sahihi popote na yule mnunuzi. Wakala usimpe hata shilingi. Sababu zinafuata, lakini hayo matatu yasingoje.

Ulichonacho mkononi ni barua ya udahili. Kwa kozi za uzamili za mwaka mmoja kule Uingereza, barua hiyo inasema chuo kimeona unaweza kuimudu kozi na kinakuuzia nafasi kwa bei ya mwanafunzi mgeni. Nani atalipa, haisemi. Ufadhili huombwa kwenye dirisha lingine, kwa fomu nyingine, husomwa na watu wengine, na mara nyingi dirisha hilo hufungwa miezi minane au zaidi kabla ya masomo kuanza. Ulipokuwa unatuma maombi ya chuo mwishoni mwa mwaka jana, wenzako walikuwa wanatuma ya ufadhili wa Septemba hii hii. Kwa hiyo usiseme umekosa kwa sababu hujuani na mtu. Bado hujaomba. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linaniumiza: vijana wengi wenye uwezo wanaamini kabisa kwamba ufadhili ni wa watoto wa wakubwa, na hawajawahi kujaza fomu hata moja.

Sasa tupige hesabu, maana naona pale nyumbani kila mtu ana tarakimu yake. Pauni moja hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 3,000. Hata tukishika 3,000 kamili, ada peke yake ni milioni 69. Mnunuzi anatoa 60. Mkiuza nusu ya kihamba leo, ada bado haijatimia. Viza ya mwanafunzi inadai uonyeshe hela ya kujikimu ya hadi miezi tisa, na hata nje ya London kiwango kinazidi pauni 1,100 kwa mwezi, yaani milioni 30 nyingine na zaidi. Kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, ambayo hulipwa kabla viza haijatoka. Kuna ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu, tiketi. Jumla inavuka milioni 100. Ninachoogopa ni kwamba nusu ya pili ya kihamba itaifuata ya kwanza, kwa sababu familia iliyokwishatoa milioni 60 haitakubali zipotee njiani.

Na hiyo dipoziti, zaidi ya milioni 9, soma masharti yake mstari kwa mstari. Vyuo vingi huirudisha ukinyimwa viza. Ukishindwa kukamilisha ada kwa sababu tu hela haikupatikana, mara nyingi hairudi.

Baba mdogo anakutakia mema, ila mpango wake haupiti. Mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa kima cha chini cha huko, akizipata saa zote hizo, ni kama pauni 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hiyo ni kodi ya chumba na chakula. Ada haimo. Tena ofisi ya viza haihesabu mshahara ambao hujaupata. Inataka kuona hela imekwishakuwepo. Akikuambia utabaki huko baada ya masomo ufanye kazi urudishe, mweleze kwamba kibali hicho kilikuwa cha miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 kimepunguzwa kuwa miezi 18. Kaeni na kalamu muone kama mtu anaweza kurudisha milioni 100 ndani ya muda huo huku analipa kodi ya nyumba ugenini.

Kwa wakala nitakuwa mkali. Wafadhili wa masomo kama Chevening, Commonwealth, DAAD na Erasmus Mundus: hakuna hata mmoja anayetoza mtu hela ili ampe ufadhili. Fomu ni za bure, ziko wazi, unajaza mwenyewe. Anayeuza "uhakika" anauza kitu asichokuwa nacho. Hilo la kuwekewa hela kwenye akaunti ndilo baya zaidi. Kanuni inataka fedha zikae siku 28 mfululizo, na wanaweza kuuliza zimetoka wapi. Ukigundulika umetoa taarifa za uongo, Uingereza inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na nchi nyingine nyingi zina swali kwenye fomu zao: umewahi kunyimwa viza? Wakala ataendelea na ofisi yake pale Arusha. Jina litakalobaki kwenye mafaili ni lako.

Nije kwenye kihamba, kwa sababu barua yako yote naona imekizunguka.

Mimi si Mchagga, lakini nimeishi na kufundisha huku muda wa kutosha kujua kwamba kwenye kihamba ndipo walipolala babu zenu, ndipo kahawa na migomba vinapokutana na nyumba, na kwamba kikishakatwa kipande cha barabarani, kilichobaki huwa ndani, bila njia. Baba yako amekutolea neno zito kuliko barua ya chuo chochote. Lipokee. Mshukuru kwa magoti. Halafu umrudishie kihamba chake.

Mama amenyamaza, na ukimya huo msiuhesabu kuwa ni ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mke: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila yeye kukubali, na kihamba ndicho kilichoizunguka nyumba hiyo. Kama ardhi ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kumhamishia mtu wa nje kunapita kwenye halmashauri ya kijiji. Hakumaliziki kwa karatasi ya mashahidi wawili mezani. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo ningekuomba ukae na mama mkiwa wawili tu, umuulize anaogopa nini. Atakuambia. Amekaa na kihamba hicho kwa miaka mingi kuliko umri wako, amekipalilia yeye.

Mdogo wako naye amekwishajibu kwa kutokupigia simu. Mpigie wewe, wiki hii, umwambie kwa mdomo wako kwamba hakuna kitakachouzwa kwa ajili yako. Kijana wa VETA ambaye dada yake amesoma Sokoine, anakwenda Uingereza, na sasa hata mahali atakapowatunzia wazazi panapungua, hawezi kusema "hapana" mbele ya baba. Kuna familia zilizoacha kuzikana kwa mambo madogo kuliko hili. Uzamili wa mwaka mmoja haustahili bei hiyo.

Ukienda kwa baba, nenda na karatasi ya hesabu niliyokupigia, uisome naye taratibu. Alikuwa mwalimu, ataifuata. Kisha mwombe msaada anaouweza, kwa sababu mzee aliyekuwa tayari kuuza ardhi anahitaji mahali pa kuweka mkono wake. Pasipoti, kama huna, ni shilingi 150,000. Kuna nauli ya kwenda Morogoro kuchukua transkripti na kuonana na walimu wako ana kwa ana. Kuna mtihani wa Kiingereza, kama kozi utakayochagua itaudai. Vyuo kadhaa huridhika na barua ya Sokoine inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Hivyo ni vitu vinavyoweza kutoka kwenye mauzo ya kahawa ya msimu mmoja, na baba atakuwa amekusomesha kweli.

Hela iko wapi, basi? Wewe una sifa ambazo wafadhili huzitafuta: daraja la pili la juu, miaka mitatu kazini kwenye fani yako, na unatoka mahali penye tatizo unalotaka kulitatua.

Chevening, wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti. Wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo umekwishazipita, na unafungwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili angalau. Omba, lakini jua kwamba wanatafuta kwanza kiongozi na mtu mwenye mtandao wa watu. Anayeandika habari za maabara peke yake hupitwa. Kwa jinsi ninavyokusoma, Commonwealth Shared inakufaa zaidi. Hiyo chuo cha Uingereza kinagawana gharama na Tume ya Commonwealth, hutolewa kwa mtu ambaye bila ufadhili huo asingeweza kusoma huko, inalipa ada, nauli na posho. Ila si kila kozi imo. Orodha ya kozi hutoka kila mwaka, na wewe unaanza na orodha halafu ndiyo uchague chuo. Safari hii ulianza na chuo.

Usiishie Uingereza. Ubelgiji, kupitia shirika liitwalo VLIR-UOS, imesomesha Watanzania kwa miaka mingi katika kozi za teknolojia ya chakula za Ghent na Leuven, na ningekuwa wewe hapo ndipo ningetia nguvu za kwanza, kwa sababu ni fani yako hasa na wanaoomba wanatoka nchi kama yetu. Erasmus Mundus ni kozi zinazoendeshwa na vyuo vya nchi kadhaa kwa pamoja. Anayepata hulipiwa ada na kupewa posho ya euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Maombi yake mengi ni kati ya Oktoba na Januari, na zipo za chakula. Ujerumani, DAAD wana ufadhili wa kozi za maendeleo ambao kwa kawaida unataka miaka miwili ya kazi, na shahada yako isiwe na zaidi ya miaka sita. Wewe una mitatu, kwa hiyo huo usiuweke kiporo.

Hapo Ujerumani niongeze jambo. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa wageni. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula, na vipo vyuo vichache vingine vilivyoanza kutoza. Lakini bila ufadhili utatakiwa kuweka kwenye akaunti maalumu euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, na hiyo ni zaidi ya milioni 30. Nakutajia ili mtu asije akakuambia Ujerumani ni bure, baba akamrudia mnunuzi.

Kinachomtenganisha anayepata na anayekosa, katika maombi mengi niliyopewa na vijana wa huku niyasome, ni ile barua ya kujieleza. Wengi huandika hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuleta maendeleo katika taifa langu kupitia sayansi ya chakula." Sentensi hiyo anaweza kuiandika mtu yeyote, wa fani yoyote, na msomaji aliyekaa na mamia ya fomu haioni. Wewe una cha kusema. Jaribu hivi, kwa Kiingereza chako mwenyewe: "Kwa misimu mitatu nimeonja kahawa ya vyama vya msingi vya mlimani Kilimanjaro. Mizigo ninayoishusha daraja mara nyingi iliharibikia baada ya kuvunwa: imechacha kupita kiasi kwenye ndoo za wakulima wanaomenya nyumbani, au imeanikwa mvua ikinyesha, ikaota ukungu. Maabara yetu inapima unyevu. Haiwezi kupima sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Nataka kujifunza kuipima, na kubuni njia ya kuizuia ambayo mkulima mwenye miche mia mbili anaweza kuimudu." Kama hivyo ndivyo unavyoona kazini, andika hivyo; kama unaona tofauti, andika unachokiona. Kisha mkumbushe msomaji kwa nini ni jambo la watu: mwaka 2016 sumukuvu kwenye nafaka iliua watu Dodoma na Manyara, na Umoja wa Ulaya, unaonunua kahawa yetu, umeweka kikomo cha sumukuvu kwenye kahawa iliyokaangwa. Hapo umeunganisha ndoo ya mkulima wa Kibosho, afya ya mlaji na mnada. Halafu taja somo gani kwenye kozi yao litakalokupa ujuzi huo, kwa jina lake. Barua moja ukiituma kwa wafadhili watano bila kubadilisha, watano wote wataligundua hilo.

Kituo cha utafiti wa kahawa, TaCRI, kiko Lyamungo, jirani yenu kabisa. Nenda ukazungumze na watafiti pale kabla hujaandika. Watakuambia ni maswali gani ya ubora wa kahawa bado hayana majibu, na utaandika ukijua unachosema.

Wanaokuandikia barua za mapendekezo watafute mapema. Mwalimu aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho ni bora kuliko mkuu wa idara asiyekukumbuka. Mpelekee CV, matokeo, rasimu ya barua yako na tarehe ya mwisho, umpe mwezi mzima, na umkumbushe kwa adabu wiki moja kabla. Wa pili awe bosi wako wa maabara. Ndiyo, itabidi umwambie kwamba unataka kusoma. Na ukimwambia, muulize kama kampuni inaweza kukupa likizo bila malipo au kuchangia kwa makubaliano kwamba utarudi. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halifutiki kwa kuwa umesafiri, kwa hiyo wapitie uwaeleze kabla ya kuondoka.

Tengeru. Mwanangu, aibu hiyo iweke chini tuitazame.

Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Iliundwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, hasa wa sayansi na uhandisi. Ilikuwa na kituo cha umahiri cha uhakika wa chakula na lishe chini ya mradi wa Benki ya Dunia, kwa hiyo fani yako pale si ya pembeni. Rafiki yako amekuambia neno la maana sana: maprofesa wenye miradi. Kwenye uzamili wa utafiti, hela mara nyingi iko kwa profesa aliyepata mradi, na profesa huyo anatafuta mtu anayejua maabara. Wewe unaijua. Mwandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, umefanya nini, swali gani linakusumbua, na kama ana nafasi kwenye mradi wake. Ambatanisha CV na matokeo. Asipojibu kwa wiki mbili, panda basi ukamwone. Tengeru iko njiani tu kati ya Moshi na Arusha.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa. Analipwa mshahara. Wanachodai ni shahada ya uzamili yenye utafiti mzuri, na ukiwa na makala iliyochapishwa unaanza mbele ya wengine. Uzamili wa Tengeru wenye swali zuri la kahawa unaweza kukufikisha Ulaya na mshahara mkononi, wakati ule wa Uingereza wa mwaka mmoja ungekurudisha Kibosho na deni. Sikuambii uache kuomba nje. Omba nje kuanzia Agosti, na Tengeru omba wakati huo huo, halafu uende panapokuja na hela.

Watu waliokushangilia kanisani walishangilia akili yako. Wakikuuliza unaondoka lini, waambie, "Naomba ufadhili kwanza." Ni jibu la heshima na ni la kweli. Watakaocheka hawangekulipia hata nauli ya kwenda Dar.

Usiku wa leo kiandikie chuo. Mistari michache inatosha: unashukuru kwa nafasi, hujapata ufadhili kwa mwaka huu, unaomba kuahirisha hadi Septemba ijayo, na unauliza kama unaweza kuahirisha bila kulipa dipoziti. Waulize pia kama chuo chenyewe kina punguzo la ada kwa wanafunzi kutoka Afrika na huombwa lini. Wakikubali, utakuwa na nafasi mkononi unapojaza fomu za Agosti. Wakikataa, iache, waliokukubali mwaka huu watakukubali tena ukiomba Novemba, na safari hiyo utaomba chuo na hela kwa pamoja. Kisha Jumamosi panda Kibosho na karatasi yako ya hesabu, uanze kwa mama.